Endelea Kukosea

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na tisa, mwezi wa tano. Mvua ilianza kabla ya jua kutoka, ikakatika watu wakaanika nguo, ikarudi ikazilowesha zote. Huwa naanza kwa tarehe na hali ya hewa kwa sababu hayo mawili siwezi kuyakosea sana. Yanayofuata ndiyo hunitia wasiwasi. Nilisoma mpaka darasa la saba, na hilo la saba nalo nililimaliza kwa kusukumwa, kwa hiyo nikiandika jambo leo, kesho nalisoma na kujiuliza kama kweli lilikuwa hivyo au ni mimi nimelipamba. Siku hiyo nilitoka hapa Mazeras nikaenda Kisauni kwenye matanga ya Bi Mwanaisha, mama mzee aliyekuwa na chumba Jeddah, mtaa wa Ghulail, miaka ile tuliyokuwa Saudia. Nilivua viatu mlangoni pamoja na vile viatu vingine vyote vilivyolowa, nikakaa mkekani na wanawake, nikapewa kahawa. Halafu nikatazama nje dirishani, ng'ambo ya barabara, nikaona tuktuk imeegeshwa kwenye mvua na mapazia yake ya plastiki yameshushwa. Mtu alikuwa ndani, kwenye kiti cha dereva, ameshika usukani kwa mikono miwili na gari haliendi. Nilimjua kwa ule mshiko tu. Nikaweka kikombe chini.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ulianzia Riyadh ukaishia Jeddah, na ulikuwa kabla wanawake wa kule hawajaruhusiwa kuendesha gari. Ndiyo maana kila nyumba yenye uwezo kidogo iliajiri dereva, na dereva lazima awe mwanaume, na wengi wakati huo walikuwa wametoka kwetu. Nyumba ya Riyadh niliyofanya kazi za ndani ilikuwa na jiko kubwa kuliko nyumba niliyozaliwa. Vigae vyeupe mpaka juu, feni ya kuvuta moshi iliyonguruma kama gari bovu, na mlango wa chuma uliofungukia uani. Mlango huo ulikuwa mpaka. Mimi sikutoka nje yake bila kutumwa, na dereva hakuingia ndani yake hata akitumwa. Chakula chake nilimpitishia kwenye sinia. Alikuwa amejiwekea ndoo ya rangi iliyopinduliwa upande wa nje, akikaa hapo na kula, mimi nikiosha vyombo upande wa ndani, na mlango ukiwa wazi kiasi cha mkono. Tulizoeana hivyo, kwa sauti kuliko kwa sura. Alipenda ukoko. Wenyeji hawali ukoko wa wali wao, huumwagia maji, basi mimi nilikuwa nikiukwangua taratibu chini ya sufuria, ule mwekundu wenye mafuta na iliki, nikamtolea kwenye kifuniko. "Dada Wakesho," alikuwa akisema, "wallahi wewe utaingia peponi kwa kijiko."

Hati zake zilisema Ramadhani. Madam na mumewe, tuliyemwita baba, walimwita Ramadhani, na sisi Wakenya tulimwita Rama. Alikuwa mtu wa Mombasa, mrefu, mwembamba, na mpole barabarani mpaka baba akawa anamfokea aongeze mwendo. Madam alimsifu kwa jambo moja: hakuwa akiwatazama wanawake kwenye kioo cha gari. "Huyu ana adabu," aliwaambia wageni wake, "wa kwanza alikuwa na macho kama nzi." Madereva wa nyumba za jirani nao walikuwa na maneno yao. Walimwigiza anavyotembea, anavyofunga mlango wa gari kwa ncha za vidole. Nilikuwa nawasikia kupitia dirisha la jikoni. Siwezi kusema niliwachukia, maana wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa nacheka kidogo.

Sasa nieleze habari ya Kiarabu changu, kwa sababu kila kitu kilitoka humo. Hakuna aliyenifundisha. Nilikiokota jikoni neno kwa neno kama mtu anayechagua mchele. Madam alikuwa akisema "inti, taali," nami nikaja. "Inti, shufi," nikatazama. "Inti, leish?" nikajua nimeharibu kitu. Kutwa nzima inti, inti. Basi nikashika kwamba inti maana yake ni wewe, nikafunga kazi hapo. Siku moja baba amekaa sebuleni na ndugu zake, nikaingia na birika nikamuuliza kwa heshima zote: "Baba, inti shai?" Yule mzee aliinua macho kutoka kwenye simu yake. Kaka yake alitema tende. Wavulana walianguka kwenye mazulia wakishika matumbo, na madam alitoka chumbani mbio kuuliza kuna nini, akaambiwa, akacheka mpaka wanja ukamtiririka. Tangu siku hiyo wageni wakija nilikuwa naitwa nimuulize baba kama anataka chai. Sikuelewa kinachochekesha. Nilidhani ni sura yangu.

Na kwa Rama ilikuwa hivyo hivyo. Tukiwa peke yetu mlangoni tuliongea Kiswahili, lakini madam akiwa karibu hakutaka, alidhani tunamsema, na mara nyingine alikuwa sawa. Kwa hiyo mbele yake nilimwambia, "Rama, inti yalla, madam anangoja." "Rama, inti mafi akili, mkate wapi?" Yaani haraka, yaani huna akili. Miezi na miezi. Yeye hakucheka hata siku moja. Aliitika. Sasa nikikumbuka, nasikia alivyokuwa akiitika haraka, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali na jina lake limefika zima. Lakini hapo ndipo sijiamini, labda sauti hiyo nimeiongeza mimi baadaye.

Aliyenifumbua macho ni Lulu, binti wa nyumba, alikuwa na miaka tisa au kumi. Alinionea huruma. Alikuja jikoni na biskuti zake, akanikalisha kwenye kigoda, akaniambia kwamba inti ni ya mwanamke, mwanaume anaambiwa inta. Na si hapo tu. Ukimuuliza mwanaume jina lake unasema "ismak," mwanamke "ismik." Ak kwa mwanaume, ik kwa mwanamke. "Baba si msichana!" akaniambia, akacheka, nami nikacheka, maana hatimaye nilijua nimekuwa nikisema nini mbele ya wageni wote wale. Nilifurahi sana. Nilijiona nimesoma. Kesho yake Rama alikuwa anaosha gari uani, nikatoa kichwa mlangoni nikasema kwa kujishaua, "Rama, inta taal, chai tayari."

Sponji lilisimama juu ya boneti. Maji yakawa yanatiririka tu. Alikuja akakaa kwenye ndoo yake, akachukua kikombe, hakunywa.

"Nani amekufundisha, dada?"

"Lulu. Kumbe mimi nilikuwa nakutukana siku zote hizi! Mbona hukuniambia?"

"Lulu ana akili," akasema. Akakizungusha kile kikombe. "Dada Wakesho, nikuombe kitu. Kwa baba, sema sawasawa. Kwa wageni, sema sawasawa. Lakini kwangu mimi endelea kukosea."

Sikuelewa. Niliudhika hata, nilidhani ananiambia sina uwezo wa kujifunza. Hakunieleza siku ile. Alinieleza kidogo kidogo, kwa muda mrefu, akitazama uani na mimi nikitazama vyombo, jinsi watu wanavyoongea vizuri wasipoonana. Kwamba tangu utoto alijijua ni msichana. Kwamba huko Mombasa wako wenziwe wachache wanaomwita Rahma. Kwamba alikuja Saudia kuendesha gari kwa sababu ndiyo kazi aliyopata, na kwamba haikumpita, kuwa yeye ndiye mwanamke pekee anayeendesha gari mjini Riyadh na hakuna anayejua. Tulicheka hapo. Lakini mimi ni mtu wa kanisa, nililelewa na mambo yangu. Kwa siku chache nilimpitishia sinia nikarudisha mlango mapema. Kisha nikaona kuwa hakuna kilichobadilika kwake. Bado alikuwa akisema asante kwa ukoko, bado madam akirudi sokoni na mizigo alikuwa akibeba ile mizito aniachie mimi ya mboga. Kwetu Taita Rama na Rahma mtu akitamka haraka ni jina moja. Nikaanza kumwita Rahma, taratibu, na inti yangu ikarudi. Mbele ya madam haikuwa hatari. Kila mtu alijua kuwa mimi ni wa kukosea.

Baada ya Idi baba akahamishiwa kazi ya bandari ya Jeddah, tukahama wote. Jeddah kulikuwa na jasho. Riyadh joto linakuchoma ukiwa mkavu, Jeddah linakuvaa kama nguo mbichi. Nyumba ilikuwa ghorofani, jiko dogo, na chumba cha Rahma chini ya ngazi karibu na pampu ya maji. Hakukuwa tena na mlango wetu wa chuma. Lakini tulipata Ijumaa. Madam alinikubalia niende Ghulail baada ya chakula cha mchana mradi dereva anipeleke na kunirudisha, na ndivyo nilivyomjua Bi Mwanaisha.

Chumba chake kilikuwa orofa ya tatu, kwenye jengo ambalo rangi yake ilikuwa imebambuka mpaka kwenye matofali. Magodoro yameegemezwa ukutani mchana, pazia la maua katikati, jiko la gesi pembeni na daima kuna chapati juu yake. Wanawake waliokaa humo wengine walikuwa wametoroka kwa makafili wao, yaani matajiri waliowaajiri, na ikama zao, vibali vya kukaa nchini, zimekwisha. Wengine, kama mimi, ni wageni wa Ijumaa tu, tunakuja kunyoosha miguu na kusikia Kiswahili. Bi Mwanaisha alikuwa ameishi pale miaka mingi kuliko sote. Alisomesha watoto Kurani, na Kiarabu chake kilikuwa cha kitabuni, safi, hata wenye duka chini walimwogopa. Hakuvumilia Kiarabu chetu cha jikoni. Na alikuwa na mazoea yake: hakuambii wewe kwamba umekosea. Huwageukia wengine, huwatangazia, "Amekosea huyu," kisha ndipo hukutazama na kukupa neno lililo sawa, nawe ulirudie mbele ya chumba kizima. Nilisahihishwa hivyo sijui mara ngapi. Siku moja nilisimulia kitu nikasema nilimwambia dereva inti. "Amekosea huyu," akasema Bi Mwanaisha kabla sijamaliza. "Dereva ni inta. Sema." Nikasema inta, nikiangalia chapati.

Wanaume walikuwa juu kwenye dari la jengo, wamejitandikia maboksi na kutundika shuka wapate kivuli. Rahma alikaa nao akinisubiri. Mkubwa wa mazungumzo alikuwa Mutiso, mlinzi wa bohari, Mkamba mmoja mwenye sauti ya kanisani. Ukipanda kuwapelekea chai unamsikia: "Rama, buda, kaa vizuri! Unakunja mguu kama unapigwa picha ya harusi." Wote hoi. "Huyu tukimpeleka bandarini kubeba magunia, gunia ndio litambeba." Rahma alikuwa akicheka pamoja nao, na kukunjua mguu. Lakini niseme pia, kwa haki, kwamba Mutiso ndiye aliyempeleka hospitali alipopata homa mwezi ule wa kwanza, akakaa naye foleni kutwa. Sijui nimweke upande gani. Nimemwacha katikati.

Mama yake alifariki mwishoni mwa mwaka huo. Alhamisi asubuhi nilishuka kutupa taka nikamkuta amekaa ndani ya gari, mlango wazi, simu iko mapajani na bado inaongea. Ilikuwa sauti ya kaka yake, Hamisi. "Tumeshazika. Watu wakiuliza tunasema mama aliacha watoto wawili. Wewe tuachie amani yetu. Na usinipigie tena kwa hiyo sauti yako." Simu ikakatika. Rahma akaniambia, "Sisi tuko watatu." Paspoti ilikuwa kwa kafili, na hata ingekuwa mkononi, kule hakuna aliyemtaka. Nilipanda kumwambia madam. Madam akashuka mwenyewe mpaka nusu ya ngazi, akajifunika vizuri, akasema maneno yao ya kumpa mtu pole: "Adhama Allahu ajrak." Mungu akuzidishie ujira wako, ndiyo maana yake. Baba naye jioni akasema hayo hayo, akampa Ijumaa nzima. Walikuwa watu wa kufoka lakini hilo walilifanya vizuri. Mimi nilisikia tu mwisho wa neno. Ajrak. Lulu alikuwa ameniharibu masikio.

Ghulail wakaandaa matanga, kama ilivyokuwa kawaida mtu akifiwa na nyumbani hawezi kwenda. Wanawake chumbani kwa Bi Mwanaisha, mikeka, udi, uradi unasomwa. Wanaume juu. Tulipofika nilipita kwanza duka la chini kununua sukari, kisha mimi na Rahma tukasimama kwenye ngazi, orofa ya tatu. Kulia ni mlango wa Bi Mwanaisha. Ngazi zinaendelea juu, na tayari tunamsikia Mutiso akipanga viti.

"Niingie wapi, dada?" akaniuliza.

Nikadhani hajui. Nikasema, "Wanaume wako juu."

"Najua walipo." Akavuta pumzi. "Nimeshapanda mara moja, ulipokuwa dukani. Wamenipa mkono wote. Mutiso kaniambia nikaze, mwanaume halii, na kanishika bega hivi, kwa wema kabisa. Nimekaza. Tangu jana nimekaza, sasa kifua kinaniuma. Nisemee kwa Bi Mwanaisha. Nikae mkekani na nyinyi kidogo tu. Nimlilie mamangu kama mtoto wake wa kike, halafu nitatoka, sitarudi tena."

Nilijua anachokiomba. Mtu aliyeandikwa mwanaume kwenye ikama akikutwa chumba kimoja na wanawake wasio wake, akilia nao, vichwa wazi. Askari wakipita, au wakiambiwa na jirani, ni jela kwa wote, na wenye ikama zilizokwisha wanarudishwa. Yeye angefanywa zaidi ya kurudishwa. Lakini nilimtazama pale kwenye ngazi, mikono imening'inia, nikaingia.

Nilimvuta Bi Mwanaisha nyuma ya pazia, kwenye jiko. Sikujua nianze vipi, nikamwambia yote vibaya vibaya, jina, habari ya inti, kila kitu. Alisikiliza akizima gesi. Nilitegemea anifukuze. Akasema, "Ndiyo maana ulikuwa ukikosea kwa dereva tu."

"Ndiyo, Bi."

"Nami nikikurudi."

"Ndiyo."

Halafu akasema kwa sauti ya chini, bila ukali, na nataka niyaandike kama yalivyokuwa kwa sababu si haki kumgeuza awe mtu mwingine: "Wakesho, mimi mambo hayo siyajui. Kitabu nilichosoma mimi hakinipi njia ya kumwingiza. Na hata kingenipa, tazama humu. Huyu ana watoto wanne Lamu, hana ikama. Yule kakimbia kwa kafili aliyemchoma. Nikimfungulia mlango huyo mmoja na askari wakaja, nitawaambia nini hawa? Hapana. Haingii."

Alikuwa na haki, na Rahma alikuwa na haki, nami nimesimama katikati nikinusa gesi. Nikageuka niende.

"Ngoja. Anataka nini hasa?"

"Kulia, Bi. Juu hawamwachi."

Alifunga upya mtandio wake. Akatazama dirishani, chini barabarani. "Gari ni lile jeupe? Dereva kubeba wanawake ndiyo kazi yake, au siyo? Kuna askari atakayeuliza?" Akafunua pazia akaita, "Zena! Vaa abaya. Njoo." Zena alikuwa wa Malindi, mwanamke mnene, mwepesi wa machozi. Akauliza tunakwenda wapi. "Unalia vizuri," Bi Mwanaisha akamwambia. "Njoo tu."

Tukakaa watatu kiti cha nyuma, abaya zetu zimebanana, Rahma mbele peke yake. Bi Mwanaisha akamwambia aende upande wa bandarini. Ilikuwa baada ya alasiri, jua limeanza kulegea, barabara nyeupe kwa vumbi. Alisimamisha kando ya ukuta mrefu wa bandari, mahali malori huwa yanapumzika, na juu ya ukuta winchi zikisogea bila sauti. Hakuzima injini, kwa ajili ya kiyoyozi. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani kama vile bado tunakwenda.

"Haya," akasema Bi Mwanaisha. "Mama yako jina lake nani?"

"Bi Mwanakombo."

"Tueleze Bi Mwanakombo."

Rahma akaeleza akitazama mbele. Kwamba mama yake alikuwa akiwafukuza watoto wa kiume jikoni, nendeni mkacheze, na yeye hakumfukuza. Alimpa mbuzi ya kukunia nazi, akamwachia akae. Hakusema neno, alimwachia tu. "Kaka zangu wote akiwaita baba. Njoo babangu, lala babangu. Mimi aliniita mwanangu. Maisha yake yote. Mwanangu tu. Nilikuwa nikidhani hanipendi sawa na wao, mpaka nilipokuwa mkubwa ndipo nikajua, alikuwa hataki kuniambia uongo, na la kweli hawezi." Hapo sauti ikamkatika. Zena alikuwa ameshaanza. Alilia ule mlio wa kwetu unaoanzia tumboni, akamwita Bi Mwanakombo kwa jina kana kwamba alikuwa shoga yake wa miaka, na Rahma akaweka kipaji cha uso juu ya usukani akalia, mabega yakapanda na kushuka. Mimi nilipitisha mkono kando ya kiti nikamshika bega kwa nyuma. Bi Mwanaisha hakulia. Alisoma kwa sauti ndogo, kidole kimoja kikihesabu kwenye magoti yake.

Kioo kikagongwa. Askari wa doria, kijana, miwani nyeusi. Nilihisi mwili wa Zena ukikauka ubavuni mwangu. Rahma alishusha kioo, uso wote maji. Askari akamtazama, akatutazama sisi, akauliza kuna nini, mbona dereva analia na wanawake wanalia. Bi Mwanaisha akamjibu kutoka nyuma, Kiarabu chake kile safi, bila haraka, kwamba mama yake amefariki, nyumbani kwao, na hakuweza kwenda. Yule kijana akavua miwani. Alikuwa na macho ya kawaida tu. Akaweka mkono kifuani, akamwambia Rahma, "Adhama Allahu ajrak," akapiga paa la gari mara moja kwa kiganja, akarudi kwenye gari lake, akaondoka.

Kioo kikapanda. Kiyoyozi kilikuwa kikivuma. Bi Mwanaisha akatugeukia mimi na Zena.

"Amekosea yule," akasema.

Akainama mbele, akaweka mkono wake kwenye mgongo wa kiti cha dereva. "Adhama Allahu ajrik," akasema.

Rahma aliinua kichwa. Nilimwona kwenye kioo, na ilikuwa mara ya kwanza nione macho yake humo. Alianza kucheka, kicheko kikapanda kikageuka, na hapo ndipo alipomlilia mama yake kweli, kwa sauti, mdomo wazi, kama wanavyolia mabinti. Zena hakuelewa neno lakini alijiunga. Tulikaa pale mpaka adhana ya magharibi.

Nimejiuliza miaka yote hii kama nilisikia sawa. A na i, herufi moja, na kiyoyozi kile. Na tuliporudi, mlangoni, Bi Mwanaisha aliniambia, "Usiniletee tena jambo kama hili, Wakesho, mimi ni mtu mzima," na hakulitaja tena mpaka nilipoondoka. Ijumaa zilizofuata Rahma alipanda juu kama kawaida, na Mutiso akaendelea na utani wake. Miezi michache baadaye baba akasema halas, yaani basi, dereva anarudi kwao, hakueleza kwa nini. Wengine walisema maneno yalimfikia. Huenda, na huenda alitaka dereva wa mwendo mkali. Sikumwona tena mpaka Jumamosi hii.

Nilivuka barabara nimejifunika leso kichwani, nikafunua plastiki nikaingia kiti cha nyuma cha tuktuk. Amezeeka. Kanzu ya kiume, kofia, na shali kubwa la kijivu mabegani ambalo lingeweza kuwa la yeyote.

"Hujaingia?" nikamuuliza.

"Niingie wapi, dada?" Hakugeuza kichwa. "Nimemjia marehemu tu. Nakaa hapa mpaka wamalize dua."

Wanaume walikuwa chini ya turubai, wanawake ndani. Zena alikuwa dirishani, nilimpungia, hakunijibu, labda hakuona kwa mvua. Tukakaa. Maji yalipiga juu ya turubai la tuktuk. Nilitafuta la kumwambia. Kiarabu changu kimeniponyoka karibu chote, nikakichota kilichobaki, nikainama mbele nikaweka mkono kwenye kiti chake. "Rahma. Adhama Allahu ajrak."

Mabega yake yalitikisika. Nikadhani analia.

"Amekosea huyu," akasema, akiiambia mvua. Kisha akanigeukia. "Ajrik. Sema."

"Ajrik," nikasema.

"Tena."

Nikasema tena. Dua ilipokwisha alinirudisha Mazeras, safari ndefu kwa tuktuk, alilowa na mimi nikalowa. Binti yangu alikuwa amepika wali wa nazi na maharagwe na samaki wa jana wa kukaanga. Akauliza mgeni atakula, nikamjibu atakula. Alikaa jikoni kwenye kigoda, karibu na jiko akauke, na mimi nikakwangua ukoko wote nikamtilia kwenye sahani.